Mitsubishi waliliua jina lao wenyewe, acheni kumsingizia Nissan

Wakuu, heshima kwenu.

Nimesoma na kunyamaza muda mrefu, leo imefika shingoni. Kila ikitajwa Mitsubishi lazima watokee watu wa kulalama kwamba Nissan, aliyekuja kununua hisa zake, ndiye aliyeiua. Nissan kaua Evo (Lancer Evolution, ile Lancer ya mbio), Nissan kaua Pajero, Nissan kaigeuza kampuni ya wanaume kuwa kiwanda cha vigari vya kwendea sokoni. Wengine wanarudi nyuma zaidi, wanasema Mjerumani, yaani DaimlerChrysler, ndiye aliyeanza kuinyonya. Halafu wanamwagiwa pongezi kana kwamba wametoa elimu. Hiyo si elimu. Ni kuwasafisha mabosi waliojua magari yao yana kasoro, wakaficha, na watu wakafa. Inaniuma sana.

Na asije mtu hapa na hoja kwamba naichukia Mitsubishi. Mzee wangu alitulisha na kutusomesha kwa kenta, lile lori la Mitsubishi Canter. Injini ya 4D33, mlio wake naujua hata nikiwa usingizini. Nenda Kibaigwa msimu wa mahindi ukaone ni lori gani limebeba, nenda Kariakoo alfajiri ukaone ni gari gani linashusha. Watu wa huku wameweka mtaji wa maisha yao yote kwenye hizo almasi 3 za nembo ya Mitsubishi. Kwa hiyo nina haki ya kukasirika kuliko shabiki wa kubandika picha.

Tuanzie pale jina lilipopatikana, maana wengi wenu mnaanzia kwenye Evo. Lilipatikana Kenya. Safari Rally ya 1974, mvua imenyesha mpaka njia zimekuwa tope tupu, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho ambaye watu walimwita Simba wa Kenya, akaingia na Lancer 1600 GSR. Kampuni ya Mitsubishi Motors yenyewe ilikuwa na umri wa miaka 4, kwa sababu ilitenganishwa na Mitsubishi Heavy Industries mwaka 1970. Lancer ndiyo kwanza ilikuwa imetoka 1973. Dunia nzima ilikuwa inaangalia Porsche 911 ya Björn Waldegård. Kale kagari ka cc 1600 kakaishinda Porsche. Mwaka 1976 Joginder akashinda tena, na mara hiyo Lancer zikashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu: Joginder, Robin Ulyate, Andrew Cowan. Heshima ile hawakuinunua kwa matangazo. Waliipata kwenye mashimo na vumbi letu, mbele ya watu waliojipanga kando ya barabara wakiona kwa macho yao gari gani linapita na gari gani limelala mtaroni.

Sasa shikeni huo mwaka, 1976. Kwa sababu uchunguzi uliofanyika Japan baadaye ulionyesha kwamba kampuni ilianza kuficha malalamiko ya wateja mwaka 1977.

Mwaka mmoja tu. Watu wako bado wanasherehekea Nairobi, na huko makao makuu mtu ameshaanza kupanga mafaili mafungu mawili: fungu la kuonyesha serikali na fungu la kuficha. Sheria ya Japan iko wazi. Kiwanda kikigundua kasoro kinapaswa kuripoti wizarani na kuyaita magari yote yarudi yarekebishwe bure. Wao wakaona ni aibu na ni gharama. Wakawa wanarekebisha kimyakimya, gari moja moja, yule aliyelalamika ndiye anatengenezewa, na asiyejua anaendelea kuendesha hatari yake. Mambo yakaenda hivyo kwa zaidi ya miaka 20.

Ilivyogundulika sasa. Mwaka 2000 mtu asiyejitaja aliwatonya maofisa wa Wizara ya Uchukuzi. Wakaenda, wakakuta mafaili ya malalamiko yamefichwa kwenye makabati ya chumba cha kubadilishia nguo. Hebu fikiria barua ya mteja anayesema breki zake hazishiki, imekaa pamoja na viatu na taulo. Rais wa kampuni, Katsuhiko Kawasoe, akajiuzulu. Wakainamisha vichwa mbele ya kamera, wakasema sasa kila kitu kiko hadharani.

Wakuu, hapo walikuwa bado wanadanganya.

Naomba niwaeleze habu, maana hapa ndipo roho yangu inaposhindwa kutulia. Dereva na fundi yeyote wa malori anajua: habu ni kile chuma cha mwisho wa ekseli, tairi linafungwa hapo kwa nati. Nati zikilegea utasikia, usukani utakuambia, utasimama na kukaza. Lakini habu yenyewe ikipata ufa kwenye shingo, nati zote zinaweza kuwa zimekazwa sawasawa na tairi likaondoka vilevile, likiwa limeng'ang'ania kipande cha habu. Hakuna dereva wa kuliona hilo kwa kuzunguka gari asubuhi na kupiga tairi teke.

Tarehe 10 Januari 2002, Yokohama, lori la Mitsubishi lililokuwa linavuta trela lenye mashine ya ujenzi lilichomoka tairi la mbele. Tairi la lori kubwa, zaidi ya kilo 100, likabiringika peke yake. Likampiga kwa nyuma mama wa miaka 29 aliyekuwa anatembea kando ya barabara na wanawe 2 wadogo. Mama akafa, watoto wakajeruhiwa.

Kampuni ikajibu nini? Matengenezo mabovu. Mwenye lori hakulitunza. Mzigo wote akatupiwa yeye. Wakati huo walikuwa na taarifa za habu kupasuka tangu 1992, na mwaka 1999 basi la abiria huko Hiroshima lilichomoka tairi kwa sababu hiyohiyo, wakaiambia wizara kwamba kosa ni la matunzo. Jibu lilelile la 1999 ndilo lililompata mama wa watu 2002. Wangesema ukweli kwenye lile basi, yule mama angefika nyumbani na wanawe.

Haikuishia hapo. Oktoba 2002, mkoa wa Yamaguchi, dereva wa lori lao alikufa baada ya hausingi ya klachi, yaani kasha la chuma linaloifunika klachi, kupasuka, propela ikaanguka na kukata mabomba ya breki. Dereva akabaki na lori zima mkononi lisilo na breki. Na kasoro hiyo nayo walikuwa wanaijua.

Walikuja kukiri habu ni mbovu Machi 2004. Miaka 2 baada ya msiba. Polisi wakakamata wakubwa mwaka huohuo. Kawasoe akahukumiwa mwaka 2008 kwa kifo cha yule dereva, miaka 3, kifungo kimeahirishwa, akarudi nyumbani. Na kwa ile ripoti ya uongo ya habu waliyoipeleka wizarani, kampuni ilipigwa faini ya yeni 200,000. Kwa hela ya wakati huo haifiki dola 2,000. Mtu amekufa, serikali imedanganywa, halafu faini ni hela ambayo mwenye kenta mmoja anaimaliza kwa ukarabati wa injini. Nikikumbuka hilo halafu nimsikie mtu anasema Nissan ndiye mbaya, nashindwa hata pa kuanzia.

Sasa twende na tarehe, kwa sababu nyimbo zenu zote zinakufa kwenye tarehe.

DaimlerChrysler waliingia mwaka 2000, mwaka uleule kabati lilipofunguliwa. Mjerumani alikuta nyumba tayari ina ufa. Aprili 2004 alikataa kutoa hela zaidi, na ndugu wa ukoo wa Mitsubishi, yaani Heavy Industries, benki na kampuni ya biashara, ndio waliotoa hela za kuinusuru. Malori ya Fuso yalitengwa kuwa kampuni nyingine mwaka 2003 na Mjerumani akabaki na hayo.

Dakar, yale mbio marefu ya jangwani: Pajero walishinda mara 12, kuanzia 1985 hadi 2007, zikiwemo 7 mfululizo. Wakajitoa Februari 2009. Nissan hakuwepo.

Evo: Final Edition ilitoka 2015. Nissan hakuwepo.

Pajero: kizazi cha nne kilitoka 2006, miaka ikapita bila kingine kufuata. Hata hela ya kuchora gari jipya ilikuwa ngumu, kwa sababu wateja wa Japan walikimbia baada ya habari za habu. Uzalishaji uliposimama 2021, gari lilikuwa limeshakaa miaka 15 bila mrithi. Nani alimnyima mrithi ndani ya ile miaka 10 ya mwanzo?

Nissan aliingia Oktoba 2016, akanunua asilimia 34 kwa yeni bilioni 237. Na kwa nini hisa zilikuwa rahisi hivyo? Kwa sababu Aprili 2016 Mitsubishi walikamatwa tena. Safari hii ni ulaji wa mafuta. Walichezea vipimo vya magari madogo 625,000, eK Wagon na eK Space pamoja na yale waliyomtengenezea Nissan, Dayz na Dayz Roox. Nissan ndiye aliyepima mwenyewe akaona hesabu haziendi, akawauliza. Gari linatangazwa linakula kidogo kuliko linavyokula barabarani, kwa asilimia 5 hadi 10. Walipobanwa wakakiri kwamba njia yao ya kupima ilikuwa kinyume cha sheria tangu 1991. Yaani wakati wanainama kuomba radhi 2000, wakati wanainama 2004, ule upimaji wa uongo ulikuwa unaendelea chumba cha pili.

Tena baada ya kukamatwa waliambiwa wapime upya. Wakapima upya vibaya! Wizara ikaingia tena, na mwisho wa Agosti 2016 wakasimamisha mauzo ya aina 8 za magari, Pajero ikiwemo. Hapo ndipo nilipokata tamaa na watu hawa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ujuzi haukuwa tatizo. Wahandisi wao walitengeneza shafti za kutuliza mtikisiko wa injini miaka ya 1970, na Porsche akalipia haki ya kuzitumia kwenye 944. Galant ya 1996 ilikuwa ya kwanza kwa kiwango cha soko pana kuwa na injini ya petroli inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, ile GDI. Dereva Tommi Mäkinen alichukua ubingwa wa dunia wa rally mara 4 mfululizo na Lancer, 1996 hadi 1999, na Safari akashinda 1996 na 2001. Gari la umeme, i-MiEV, walianza 2009 wakati wengine bado wanabishana. Watu wenye akili hiyo walishindwa kuandika barua moja tu kwa mwenye lori: habu yako inaweza kupasuka, ilete.

Sasa na sisi huku. Msidhani haya ni ya Wajapani. Kasoro ikitangazwa Japan, taarifa inamfuata mwenye gari aliyesajiliwa Japan. Gari likishafutiwa usajili kule na kupandishwa meli kuja Dar au Mombasa, ile barua haikufuati. Wewe unanunua gari la mkononi, umeona rangi, umeona kilomita, umesikiliza injini, basi. Kama liliitwa kiwandani na mwenyewe hakulipeleka, umenunua na kasoro yake. Niliwahi kumuuliza muuzaji wa yadi moja kama ameiangalia namba ya chesisi kwenye tovuti ya kiwanda. Akaniambia hayo mambo ni ya Wajapani, hapa tunaangalia kama gari linawaka. Nikiwa na hela mkononi ananijibu hivyo!

Na si Mitsubishi pekee wenye kuhusika hapo, ile mifuko ya hewa yenye kasoro ya kampuni ya Takata iligusa karibu kila kampuni ya Japan. Lakini kwa Mitsubishi mimi sitanii, kwa sababu hawa historia yao inajulikana. Kuangalia ni bure. Unaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti yao ya Japan, inakuambia kama gari liliitwa na kama lilirekebishwa. Ni Kijapani, ndiyo, lakini simu yako inatafsiri.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Nyie mnaotangaza magari humu, wekeni namba ya chesisi nzima na picha ya majibu ya tovuti ya kiwanda. Anayeficha namba, mimi nitamuuliza hadharani kila atakapoweka tangazo, hata kama anauza kwa bei ya kutupa.

Mafundi wa Fuso na kenta mliowahi kukuta habu ina ufa au hausingi ya klachi imepasuka, wekeni picha, modeli na mwaka wa gari, tujue ni yapi ya kuyakwepa.

Na mwenye kutaka kuniletea tena habari za Nissan, aje na tarehe.