Sapoti ya mkono ya kulalia: ya kuvuta, ya chuma, au ile yenye mto?

Fundi_Mwanjelwa
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nashona sare za shule hapa Mwanjelwa. Shule zikikaribia kufunguliwa mkasi haushuki mkononi, na sasa mkono wa kulia umeingia ganzi: gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Mchana navumilia. Usiku ndiyo shughuli, naamka naukung'uta mkono kama mtu anayekausha maji, ndipo ganzi inaachia. Daktari kasema neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono, nianze kwa kulala na sapoti, habari za sindano baadaye. Hakusema sapoti ipi.

Madukani nimekuta tatu. Ya kwanza ya kuvuta, soksi fulani yenye tundu la gumba. Ya pili ndefu, ina chuma ndani na mikanda mitatu ya kunata. Ya tatu nene, ina kimto kiganjani, muuzaji anaiita "ya usiku" na ndiyo ghali kuliko zote. Naomba ushuhuda wa aliyelala nayo, siyo aliyesoma boksi.

Karani_Kihesa
Kamwene dada. Ya kuvuta nimewahi kuwa nayo. Inapasha moto, na kwa baridi ya Juni huku Iringa hilo si jambo dogo. Ila ivae palepale dukani ukunje kiganja kuelekea ndani. Kimekunjika? Basi na usiku kitakunjika, kwa sababu wengi wetu tunalala tumekunja ngumi chini ya shavu bila kujua. Kwa kukanda mkate sawa, kwa ganzi ya usiku hapana.

Mimi natumia yenye chuma. Mwanzoni niliichukia: nagonga ukuta, nampiga mume kichwani, nikishtuka alfajiri naikuta chini ya kitanda. Nimeizoea polepole kwa kuivaa jioni nikiangalia taarifa ya habari, hadi mkono ukaacha kuiona mgeni.

Dereva_Tunduma
Kwenye mitumba kuna zile za waendesha pikipiki, zina plastiki ngumu kiganjani. Bei chee. Hazifai?

Mama_Chai_Mufindi
Wifi yangu anachuma chai. Yeye alijifunga bandeji ya kuvuta akaikaza kwelikweli, akaamka vidole vimevimba na ganzi mara mbili ya jana. Kukaza siyo dawa.

Mazoezi_Tiba
Mama Chai kanipunguzia kazi. Mimi ni wa fiziotherapia, huku kwetu nyanda za juu, na swali hili naulizwa na wachuma chai, wasusi, mafundi wa mbao, na akina mama wajawazito, hawa hasa miezi ya mwisho.

Kifundoni kuna njia nyembamba. Chini na pembeni ni mifupa, juu yake umepita utepe mgumu. Ndani mnapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva moja, na neva ndiyo laini kuliko vyote humo. Ukikunja kiganja ndani, au ukikirudisha nyuma sana, shinikizo linapanda na neva inaumia. Kwa hiyo kazi ya sapoti ya usiku ni moja tu: kifundo kikae kimenyooka. Joto ni nyongeza, na kubana kunadhuru.

Dereva, zile za pikipiki zimetengenezwa kwa ajili ya kuanguka. Mtu hawezi kulala nazo.

Fundi, chukua yenye chuma, ila kikague kile chuma. Sapoti nyingi za dukani huja kimepinda, kinainua kiganja nyuzi 20 na zaidi. Wengi wanalala hivyo wiki nzima, kisha wanasema sapoti haina maana. Kichomoe kwenye mfuko wake, kiwekee ukingo wa meza, kinyooshe taratibu, kirudishe. Ukiivaa na kuulaza mkono mezani, mgongo wa kiganja na mkono vifuate mstari mmoja.

Halafu angalia inapoishia. Isivuke ule mstari wa kiganja ulio chini ya vidole. Lazima uweze kukunja ngumi na kugusa gumba kwa kidole cha mwisho. Mikanda uifunge kiasi cha kupitisha kidole chini yake. Saizi huenda kwa mzunguko wa kifundo, na wewe futi unayo shingoni, usikubali "hii inamtosha kila mtu". Na uliza kama ni ya kulia, maana nyingi zina upande.

Ile yenye kimto siipingi. Nyingine zina chuma kizuri, nyingine ni sponji tupu na bei ya jina. Ipapase mgongoni: usipokutana na kitu kigumu, umenunua soksi ya gharama.

Vaa kila usiku, wiki 6 hivi, ndipo useme imesaidia au la. Rudi hospitali mapema kama ganzi inashinda mchana kutwa, sindano inakuponyoka, au nyama ya chini ya gumba inabonyea. Pima na sukari, na ukiwa unachoka na kuongezeka uzito ovyo waambie waangalie tezi ya shingo. Vyote viwili huja na ganzi hii.

Mfanyabiashara_Njombe
Mimi maumivu yapo upande wa gumba, nikiinua mtoto ndo nakoma. Ganzi sina. Ninunue hiyohiyo?

Mazoezi_Tiba
Hapana mkuu. Hiyo inaelekea ni kano za gumba, na sapoti yake inafunga gumba lenyewe. Kaonwe kwanza. Na mwenye ganzi ya kidole cha mwisho naye asinunue kwa ushauri huu, neva ya kidole hicho ni nyingine na mara nyingi inabanwa kwenye kiwiko.

Fundi_Mwanjelwa
Asanteni sana. Nimechukua yenye chuma. Kweli kilikuwa kimepinda. Nimekinyoosha kwenye meza ya cherehani. Usiku naamka mara chache, ila kwapa la gumba linasuguliwa na ukingo wa kitambaa hadi ngozi imekuwa nyekundu. Na mchana niivae nikishona?

Karani_Kihesa
Vaa soksi nyepesi ya pamba ndani, ikate ncha, toboa tundu la gumba. Wewe fundi, hata kuipinda utaipinda vizuri kuliko kiwandani.

Mazoezi_Tiba
Kushona nayo utapigana na chuma bure na bega litaanza kuuma. Mchana pumzisha mkono kila baada ya vipande kadhaa na noa mkasi. Mkasi butu ndio unaokamua kiganja.

Mama_Chai_Mufindi
Ukiifua toa chuma kwanza, weka alama upande unaoelekea kiganjani. Na ile mikanda ifunge kabla hujailoweka, la sivyo itakusanya manyoya ya blanketi yote na haitanata tena.