Tupeane uzoefu: watoto wanakula nini asubuhi bila sukari nyingi?

MamaPacha, Dar
Habari za asubuhi wapendwa, na shikamooni wakubwa. Nina pacha wa miaka sita na mdogo wao wa mwaka na nusu. Asubuhi yetu ni ile ile ya mtaa mzima: chupa ya chai, maandazi ya jirani, gari la shule linapiga honi. Kijiko cha chai kikisawazishwa kinabeba kama gramu 4 za sukari. Hawa wangu kila mmoja anataka vitatu, tena vya kujaa mpaka vinamwagika njiani, na andazi lina sukari yake ndani. Nimechoka kupigana nao saa kumi na mbili asubuhi. Naomba msinihubirie, nishajihubiria vya kutosha. Semeni mnapika nini na watoto wanakula.

Mama Salma, Tanga
Shosti, anza na chai yenyewe. Chai ya maji na majani ni chungu, ndiyo maana mtoto anaidai sukari. Mimi nachemsha maziwa na maji nusu kwa nusu, iliki ya kupondwa papo hapo (ile ya pakiti imeshapoteza harufu), mdalasini na mchaichai kama upo. Majani natia ya kubadili rangi tu. Sukari inaingia sufuriani kwa mkono wangu, bakuli halifiki mezani. Halafu unapunguza kidogo kidogo, na usitangaze, maana ukitangaza umekwisha. Kwangu watoto hawakugundua chochote, aliyelalamika ni baba yao.

Babu wa Kondoa
Marahaba wajukuu. Kuna watu watakuja hapa kusema "mbona sisi tulikunywa chai ya sukari na tumekua". Tulikunywa wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sukari ilikuwa ya foleni, na ukiipata inafichwa kwa ajili ya wageni. Asubuhi tulikula kiporo. Ugali wa jana unakatwa vipande, unachomwa juu ya makaa mpaka unafanya ganda, na maharage yanapashwa. Mtoto aliyekula maharage haulizi andazi saa nne. Ila kiporo cha wali msikiache nje usiku kucha na joto hili. Wenye friji kiwekeni humo mapema, na asubuhi kipashwe mpaka kitoe mvuke kote.

Bi Mkubwa, Mombasa
Wanangu, mmesahau mbaazi za nazi. Zinarowekwa usiku, alfajiri ni kuchemsha mpaka ziive hasa. Chumvi ngoja, tia mwisho. Tui jepesi kwanza na kitunguu, likikauka ndipo utie tui zito na pilipili mbichi nzima, isipasuke, watoto wapate harufu tu. Atakayeona kazi apike mtungi mkubwa Jumapili, agandishe kwa vibakuli.
Na mahamri si lazima yawe matamu hivyo. Mimi sukari ninayotia kwenye unga nimeipunguza mpaka imebaki ya kuamsha hamira, iliki nikaongeza, na unga nakandia tui badala ya maji. Hamri linachovywa kwenye mbaazi, na chai inabaki kikombeni inapoa.

Wa Iringa Vijijini
Kuna kitu bibi zetu wanakijua na sisi tumekiacha: kimea cha ulezi. Roweka ulezi usiku, mwaga maji, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu mpaka uote vimizizi vyeupe. Anika ukauke kabisa, saga. Pika uji wa dona mzito, ule ambao mwiko unasimama. Epua, acha upoe kiasi cha kuwa vuguvugu la kutosha kuunguza kidogo tu, kisha tia kijiko cha kimea ukoroge. Hapo ndipo watoto huja kuangalia, kwa sababu uji unalegea mbele ya macho yenu mpaka unatiririka, na ukionja ni mtamu. Ukitia uji ukiwa unatokota kimea kinakufa na hakuna kitakachotokea. Ukishalegea, rudisha jikoni uchemke tena kidogo ndipo umpe mtoto.

Muuguzi mstaafu
Huyo wa Iringa amesema vizuri. Utamu ule unatokana na wanga uliovunjwa na kimea, kwa hiyo sukari ipo, ila hujaongeza ya mfukoni, na mtoto anapata unga mwingi zaidi kwenye kikombe kile kile. Kwa huyu wa mwaka na nusu ni chakula safi.
Mengine haraka. Majani ya chai yanazuia mwili kufyonza madini ya chuma, mdogo usimpe chai kabisa, mpe maziwa au uji. Karanga nzima asipewe, atapaliwa. Saga uchanganye kwenye uji.

Nyuki Halisi
Mimi sukari nimeitupa, tunatumia asali tupu. Asali ni dawa.

Muuguzi mstaafu
Asali ni tamu, ndugu yangu, na kwa meno na kwa hesabu ya siku inahesabiwa kama sukari, hali kadhalika sukari guru. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali hata kidogo, inaweza kuwa na vimelea vinavyomlegeza misuli mpaka ashindwe kupumua. Hili halina mjadala.

Mswahili wa Leicester
Huku shida si andazi, ni maboksi ya nafaka yenye picha za wanyama. Geuza boksi, tafuta sukari kwa kila gramu 100. Ikizidi gramu 22.5, Uingereza wanaihesabu kuwa nyingi. Ikiwa 5 au chini, ni kidogo. Kwa mtoto wa miaka 4 mpaka 6 wanasema isizidi gramu 19 kwa siku nzima, kwa hiyo MamaPacha vijiko vyako vile vimekula karibu zote. Sisi tumehamia uji wa oti: maziwa, chembe ya chumvi, mdalasini, na ndizi iliyoiva mpaka ina madoa, inapondwa ndani.

Mama wa Nakuru
Nduma na viazi vitamu, basi. Nachemsha jioni nikipika supper, asubuhi napasha na kikombe cha maziwa. Nduma ziive kabisa, la sivyo zitawawasha koo na hawatazigusa tena. Wakati mwingine ni uji wa wimbi na ndimu. Kinachobaki kinaingia kwa mkebe wa shule.

MamaPacha, Dar
Asanteni sana. Kimea nitakiagiza sokoni, mbaazi Jumapili. Je, ule mtindi wa vikopo wenye picha ya stroberi?

Mama Salma, Tanga
Soma kopo, mwingi umetiwa sukari. Chukua mtindi usio na ladha au maziwa mgando, katia embe au papai ndani. Tunda zima, si juisi.

Baba Wawili, Morogoro
Yote haya nyumbani kwangu yanafanyika. Tatizo ni mama mkwe, ana biskuti kwenye pindo la kanga na watoto wanajua pindo lipi. Mwenye dawa ya hilo aje, mimi siwezi kumkagua mkwe wangu.