Saa ya dashibodi: yangu kila nikiwasha gari ni saa saba. Tupeane uzoefu

Mnzuguni
Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla ya mwaka 1998, nimeinunua kwa mtu hapahapa Dodoma mwaka jana. Injini safi, gia safi. Kinachonitia wazimu ni kitu kidogo kuliko vyote, saa ya kwenye dashibodi. Kila nikigeuza ufunguo inaandika 1:00. Natoka Nzuguni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, yenyewe inaniambia saa saba. Nairekebisha, nafika kazini Mtumba, nazima. Jioni nawasha, saa saba tena. Watoto wameshageuza utani: mtu akiuliza saa ngapi nyumbani, anajibiwa "kwa baba ni saa saba".

Fundi mmoja kaniambia saa imekufa, nilete elfu arobaini aniwekee nyingine. Kabla sijaitoa hiyo hela, waliopitia haya wanipe uzoefu.

Fyuzi Kumi
Mkuu, usitoe hata mia. Saa iliyokufa haiandiki kitu. Yako inahesabu vizuri gari likiwa limewaka, shida yake ni kusahau.

Nyuma ya hizo saa za Toyota kuna moto wa aina mbili. Mmoja ni wa moja kwa moja kutoka betri, upo hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na huo ndio unaotunza muda. Mwingine unakuja ukigeuza ufunguo, kazi yake kuwasha maandishi. Kwa hiyo kwako ni mawili: ama mtu kaugusa waya wa moja kwa moja akauunga kusiko, ama betri imechoka, ukipiga stata umeme unashuka mpaka saa inapoteza kumbukumbu.

Kuyatenganisha hakuhitaji fundi. Geuza ufunguo ile hatua ya redio tu, usipige stata. Rekebisha saa. Zima, subiri dakika moja, rudisha hatua ileile. Ikikumbuka, kapime betri. Ikisahau, ni waya. Urudi utuambie.

Dada wa Makole
Kaka zangu, yangu ilikuwa tofauti na ya mwenye uzi. Carina, saa yenye maandishi ya kijani. Asubuhi inawaka vizuri, jua la hapa likishaipiga dashibodi mpaka mchana, inafifia, inapotea. Ukiigonga na ngumi inarudi, ukiingia kwenye tuta inaondoka. Nilikuwa nawagongesha abiria. Nikimbeba mtu namwambia, tafadhali gonga hapo tujue saa.

Mafundi umeme wawili walitaka ninunue nyingine. Siku hiyo nilikuwa kwa fundi simu karibu na soko la Majengo nabadilisha kioo cha simu, nikamwambia kwa utani, na saa ya gari unaweza? Akasema ilete. Kuitoa ni klipu za ile fremu ya plastiki na skrubu mbili, halafu plagi ya nyuma. Nilichomoa kwanza tamino ya hasi ya betri.

Aliifungua, akaiweka chini ya ile lenzi yake kubwa, akaniita nione. Kuna rezista mbili (vile vipande vidogo vinavyopunguza umeme) nene kuliko wenzake. Pale miguu yake inapotokea upande wa pili wa bodi, risasi iliyolehemiwa ilikuwa na ufa wa duara, mwembamba kama unywele, kuuzunguka mguu. Kwa macho matupu huoni kitu, unaona risasi inang'aa tu. Akausukuma mguu na kijiti cha meno, ukacheza kama jino la mtoto. Akanieleza kwamba zile rezista zinapata joto muda wote saa ikiwa inawaka, risasi inatanuka na kusinyaa miaka ishirini na zaidi, mwishoni inaachana na mguu. Ndiyo maana ukigonga inagusana, ikipata joto inaachana.

Akanyonya risasi ya zamani yote, hakuongezea juu ya ile iliyochoka (hapo ndipo wengi wanaharibu, inashika wiki mbili inaachia), akaweka mpya. Elfu tano. Mwaka wa pili huu. Sasa abiria wangu mmoja bado anaigonga kwa mazoea, nimemwacha.

Mzee wa Mpwapwa
Hii ya kwangu si ubovu ila nitaisema. Gari langu lilifika kutoka Japani, saa ikiwa bado na muda wa kwao. Baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, akapanda mara ya kwanza saa moja asubuhi, akaiangalia, imeandika 1:00. Saa mbili, 2:00. Akanigeukia akasema, "Hili gari limekuja linajua Kiswahili."

Tokyo wametutangulia saa sita kamili, na sisi tunavyohesabu saa kwa Kiswahili tunapishana na zile za maandishi kwa saa sita hizohizo. Kwa hiyo saa ya Kijapani ambayo hujaigusa inasoma Kiswahili bila kukosea, mchana na usiku. Kijana wangu akaja "akairekebisha", mzee akakasirika siku nzima. Ikabidi tuirudishe. Redio ndiyo iliyotushinda, FM yake inaishia 90, stesheni nyingi haizipati.

Konda Mstaafu
Kibaigwa hapa. Saa ya basi ilikufa, tukabandika kale kasaa ka betri ndogo kwa gundi juu ya dashibodi, chini ya kioo. Kufika saa nane mchana kioo cha kasaa kinakuwa cheusi tii, huoni namba hata moja. Jioni kinarudi. Siku ya nne gundi ikayeyuka, kasaa kakaenda na abiria. Msifanye hivi.

Area D
Mercedes W124 ya marehemu baba, saa ya mishale. Ilikuwa inachelewa, kisha ikasimama. Kwa hizi za mishale muulize fundi wako kuhusu kapasita (kale kakopo kadogo kanakotunza umeme kwenye bodi) kwanza, zinakauka kwa uzee. Yangu ilibadilishwa kapasita tu. Muhimu iwe ya kipimo kilekile, na chanya na hasi zisigeuzwe.

Mgeni Kondoa
Naomba kuuliza wakuu, yangu mchana inapotea kabisa nikiwasha taa za mbele, nikizima inarudi. Nayo ni risasi?

Fyuzi Kumi
Hapana mkuu, hiyo ni nzima. Imetengenezwa ipunguze mwanga taa zikiwashwa, isikuumize macho usiku. Mchana na jua la huku unaona kama imezimika. Ziba kwa kiganja uangalie, utaona namba.

Na ninyi mnaofungua dashibodi kwa bisibisi za jikoni: ukikutana na waya zenye plagi ya njano, acheni, hizo ni za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali.

Mnzuguni
Wakuu, nimerudi. Nimefanya kipimo cha Fyuzi Kumi, ikasahau bila hata kupiga stata. Jumamosi nikaichomoa mwenyewe. Nyuma ya plagi, waya mmoja umekatwa, umesokotwa na wa jirani yake, umefungwa selotepu ya karatasi. Ule wa moja kwa moja ulining'inia pembeni, kichwa kimefunikwa na kipande cha mrija wa kalamu. Nimeurudisha mahali pake, saa inakumbuka tangu Jumamosi.

Ila nilitaka kujua nani kafanya vile, nikampigia aliyeniuzia. Akacheka. Anasema kipindi fulani betri ilikuwa inaisha usiku, fundi akamwambia saa ndiyo inayokunywa moto, akaihamisha. Saa hiyo, mjue, inavuta kiasi ambacho betri nzima haiwezi kuishiwa kwa usiku mmoja.

Nikamuuliza, sasa baada ya kuihamisha, betri ikaacha kuisha?

"Hapana," akasema, "tuligundua taa ya buti ilikuwa haizimi."