Naomba ushauri: mille-feuille ya embe isilowe

Habari zenu wapishi. Dada yangu anaolewa Tanga mwezi ujao, na ameniomba mille-feuille, ile keki ya Kifaransa ya tabaka tatu za unga wa siagi, kastadi katikati. Wafaransa wengine huiwekea stroberi au rasiberi. Mimi nataka embe dodo, maana ndilo tunda lake.

Unga naumudu: naukunja mara sita, kila mara katika tatu, siagi ikiwa baridi, kisha nauoka kwa nyuzi 200 nikiukandamiza kwa trei nyingine usifure ovyo. Unatoka mkavu, unavunjika vizuri sana.

Kinachonisumbua ni unyevu. Joto la pwani mnalijua, na dodo lililoiva linatoa maji. Kastadi yangu ni viini 5 na gramu 45 za kornflawa kwa nusu lita ya maziwa. Niongeze kornflawa, au itakuwa nzito mdomoni?

Halafu, kipi kinazuia kulowa: kupaka chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa, au kunyunyizia sukari ya unga na kurudisha ovenini hadi ing'ae? Wageni watakula saa nane mchana. Niipange saa ngapi? Waliowahi kuipika pwani, tafadhali nisaidieni.