Kabichi ya Cato au daktari Mgiriki: Roma ingemwamini nani?

Mleta mada
Wadau, mwaka 219 KK Roma ilimpokea Archagathus, tabibu kutoka Peloponnesos. Akapewa uraia na kununuliwa duka la kutibia kwa fedha za umma. Haikuchukua muda wakaanza kumwita mchinjaji, maana kisu na chuma cha moto havikumtoka mkononi.

Baadaye Cato Mzee, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, akamwonya mwanawe awaepuke kabisa matabibu wa Kigiriki: wamekula kiapo kuwamaliza watu wa mataifa mengine kwa dawa, tena wanatoza ada ili waaminike. Dawa yake yeye ilikuwa kabichi. Kwenye kitabu chake cha kilimo anasema ukienda karamuni na unataka kunywa sana, kwanza kula kabichi mbichi kwa siki, na ukimaliza kula ongeza majani kama matano.

Mnaomcheka, kumbukeni alifika miaka 85. Mimi namtetea.

Mdau wa kwanza
Mkuu, hiyo 85 ni yake peke yake. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa wasifu wake, anasimulia kwamba Cato aliwatibu wagonjwa wa nyumbani kwake kwa mboga, bata, njiwa na sungura, hakuna kufungishwa njaa, na alijisifu kuwa watu wake wote ni wazima. Hapohapo Plutarch anatukumbusha kwamba mkewe na mwanawe walikufa yeye akiwa hai.

Halafu mbona umeruka tiba ya Cato kwa kiungo kilichoteguka? Unapasua mwanzi mbichi, watu wawili wanaushikilia nyongani kwa mgonjwa, huku mnaimba “daries dardaries” hadi vipande vya mwanzi vikutane. Na hiyo nayo ni lishe?

Mleta mada
Huo mwanzi nakuachia. Lakini jani la kabichi kwenye titi lililovimba kwa maziwa linatumika hadi leo, na Cato aliliagiza kwa vidonda vya titi.

Na hao Wagiriki walileta nini kikubwa? Tabibu wao Asclepiades wa Bithynia alijipatia jina Roma kwa kuwatembeza watu, kuwakanda, kuwaogesha na kuwapimia mvinyo. Celsus naye, mwandishi Mroma aliyefuata elimu yao, anaeleza utabibu katika mafungu matatu: mlo, dawa, upasuaji. Mlo ndio aliouanza! Walizunguka wakarudi jikoni kwa Cato.

Mdau wa pili
Ndugu zangu, mnabishana kuhusu meza ya bwana. Fungueni kitabu hichohicho cha Cato, kurasa za mwanzo. Mwenye shamba anafika, anamhoji msimamizi. Akiambiwa watumwa waliugua, ajibu kwamba basi hawakupaswa kupewa chakula kingi hivyo. Kisha inakuja orodha ya vitu vya kuuza: ng'ombe waliozeeka, gari bovu, vyuma chakavu, mtumwa mzee, mtumwa mgonjwa.

Kabichi inaota bustanini, tabibu anataka pesa. Mtu anayepunguza posho ya mgonjwa wake, kwa nini ampende tabibu?

Mleta mada
Dada, hapo umenibana. Ila usiwahukumu wote kwa Cato. Miaka kama 200 baadaye Columella, mwandishi mwingine wa kilimo wa Kirumi, anataka mtumwa aliyeumia kazini apelekwe chumba cha wagonjwa palepale shambani.

Mdau wa pili
Apone arudi kulima, sawa. Lakini angalau hakuuzwa pamoja na vyuma chakavu, na kabichi haikuwa na mkono katika hilo.