Akina mama wanaolima na kuteka maji kila siku: wanahitaji mazoezi gani ya mifupa?

Mratibu_Busia
Habari zenu wataalamu. Hapa Busia tuna kikundi cha akina mama 32 wa akiba na mikopo, umri miaka 45 hadi 68, wanaokutana Jumanne na Ijumaa. Tumepewa dakika 40 kabla ya kikao kwa elimu ya mifupa na mazoezi, ili ikifika tarehe 20 Oktoba, siku ya osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kudhoofika) duniani, wawe na la kuwafundisha majirani. Vifaa ni mabenchi, ukuta na jerikeni. Kikwazo: wengi wanasema, "Nalima, nateka maji, nabeba kuni, mazoezi ya nini tena?" Tuwajibu nini, na tuanze na zoezi gani lisilomuumiza mtu?

Fizio_Jinja
Dada mratibu, wajibuni kwa heshima, maana nusu ya hoja yao ni kweli. Kazi hizo zinajenga misuli. Lakini mfupa huzoea. Ndani yake kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, na hizi za kujenga huamshwa na mzigo mgeni: mzito kuliko wa kila siku, au unaokuja kwa mshindo wa ghafla, kisha mapumziko. Jerikeni ileile ya lita 20, kwa mwendo uleule wa taratibu, miaka 25, mfupa hauoni jipya. Jembe nalo lina madhara yake: mgongo ukipinda saa nzima, sehemu ya mbele ya pingili za uti wa mgongo inabanwa, na hapo ndipo pingili dhaifu hupondeka kwanza.

Halafu kuna hedhi kukoma. Homoni ya estrojeni ikishuka, kubomoa kunaipita kasi ya kujenga. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yake, awe mkulima au wa ofisini. Wala hasikii maumivu mpaka avunjike kifundo cha mkono, nyonga au pingili. Hilo waelezeni kabla ya yote.

Siku ya kwanza msiruke. Chujeni. Kila mmoja asimame ukutani, visigino na mgongo vikigusa ukuta, macho mbele. Kisogo kisipofika ukutani, huenda pingili imeshapondeka. Muulizeni pia: amewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka tu akiwa amesimama, baada ya miaka 50? Amepungua urefu kama sentimita 4? Ametumia prednisolone, dawa ya steroidi, miezi 3 au zaidi? Akijibu ndiyo kwa lolote, haruki wala hainui kizito mpaka aonwe kliniki.

Waliobaki waanze na visigino. Ashike benchi, ainuke kwa vidole, ajiachie visigino vigonge sakafu. Mara 10, apumzike dakika moja, arudie mpaka seti 3. Baada ya wiki 4, anayejiweza na asiye na maumivu ya goti aruke kwa miguu yote miwili, sentimita 5 hadi 8 tu, atue magoti yakiwa yamekunjwa kidogo. Kati ya mruko na mruko apumzike sekunde 10 hadi 15. Watu wengi hukosea hapa, wanaruka mfululizo mpaka jasho linatiririka. Mshindo ukirudiwa haraka haraka, seli za mfupa zinapoteza usikivu. Miruko 20 yenye mapumziko inatosha; 200 ni ya moyo na mapafu. Vilevile kutembea: kuna faida nyingi, ila kwa mtu anayetembea kila siku hakuongezi mfupa.

Kocha_Arua
Naongezea uzito, kwa sababu visigino na miruko havifiki vizuri kwenye mgongo. Jerikeni ni kipimo sahihi: lita 1 ya maji ni kilo 1. Anzeni na lita 5, iwekwe juu ya matofali yafike sentimita 30, si chini kabisa. Miguu iachane upana wa nyonga, jerikeni katikati. Asukume makalio nyuma kama anayefunga mlango kwa makalio, mgongo umenyooka, ashike, asimame. Mara 5, apumzike dakika 2, seti 3.

Kosa kubwa ni kuinama kwa mgongo badala ya nyonga. Dawa yake ni fimbo: iwekeni wima mgongoni iguse kisogo, katikati ya mabega na mfupa wa makalio. Ikiachana na sehemu moja tu, hajawa tayari kwa uzito.

Jerikeni isiyojaa maji huyumba na kumvuta mtu upande. Tumieni mchanga mkavu. Lita 1 hukaribia kilo 1.5, kwa hiyo pimeni upya. Kipimo cha uzito ni hiki: akimaliza mara 5 na bado angeweza 5 nyingine, ongezeni kilo 2. Angeweza 1 au 2 tu, hapo ndipo penyewe. Atoe pumzi anapoinua. Kubana pumzi kunapandisha presha. Mtu asifanye akiwa na gomesi, gauni refu la mkanda, kwani mkanda wake unaficha mgongo na upindo unamkwaza. Sapatu zivuliwe.

Muuguzi_Bombo
Kwenye kuchuja, kuna dawa nyingine zinazopunguza mifupa: tenofovir kwa baadhi ya wanaotumia ARV, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3. Tafadhali msiwaulize mbele ya wenzao. Muiteni kila mmoja pembeni, na mkazieni kwamba hakuna anayeacha dawa. Anamuuliza tu daktari wake.

Chakula: baada ya miaka 50 mwanamke anahitaji kalsiamu miligramu 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300. Mukene (dagaa) iliwe nzima na mifupa yake, kalsiamu imo humo. Dodo (mchicha) ina kalsiamu nyingi, lakini oksalati, kemikali iliyomo humo, inaizuia isifyonzwe vizuri. Sukuma wiki inafyonzwa vizuri zaidi. Maharage na mayai yasikosekane, kwani mfupa nao una protini nyingi.

Mratibu_Busia
Asanteni sana. Tumechuja: wanne kisogo hakifiki ukutani, mmoja wao aliwahi kuvunjika kifundo cha mkono. Hawataki kukaa pembeni wenzao wakifanya. Wafanye nini?

Fizio_Jinja
Wasikae pembeni. Waandikieni barua ya kwenda kituo cha afya, waombe rufaa ya picha ya eksirei ya mgongo. Picha ikiwa safi msishangilie: eksirei huonyesha mfupa uliopondeka, lakini upungufu wenyewe hauonekani mpaka kama asilimia 30 imekwenda. Kipimo halisi ni DXA, picha maalumu inayopima wingi wa madini ya mfupa, na alama ya -2.5 au chini ndiyo osteoporosisi.

Wakati wakingoja, wafanye haya pamoja na wenzao. Kuketi na kusimama kwenye benchi bila mikono, mara 8, seti 2. Anayezidi sekunde 15 kwa mara 5 miguu yake ni dhaifu, azingatiwe zaidi. Kusimama kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, mkono karibu na ukuta, sekunde 10 kisha 30, kwa sababu asiyeanguka havunjiki. Na kusukuma kisogo kuelekea ukutani, kidevu kikirudi nyuma, sekunde 5, mara 10. Wasiiname kugusa vidole, wasilale chali na kuinua kiwiliwili, wasipinde mgongo wakigeuka.

Maji wasibebe kichwani. Lita 5 kila mkono, karibu na mwili, waende mara mbili. Mmoja wao akipata maumivu makali ya ghafla katikati ya mgongo, hata bila kuanguka, asikandwe wala kunyooshwa. Apelekwe kituoni siku hiyohiyo.