Wamenibadilishia nozo zote sita za GX81, kumbe ugonjwa ni sensa ya throto!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Kwa asiyejua, nozo ndizo zinazonyunyizia mafuta kwenye injini, na sensa ya throto ndiyo inayopima mlango wa hewa ya injini (throto) umefunguka kiasi gani ukikanyaga mafuta.

Nina Toyota Mark II GX81 ya 1990, injini 1G-FE. Ni gari aliyoacha mzee wangu, siigusi ovyo. Mwezi uliopita ikaanza: ukikanyaga mafuta kidogo inakata kama inataka kuzima, halafu inachomoka ghafla. Kwenye foleni silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe. Taa ya injini mara inawaka, mara inazima.

Nikaipeleka gereji moja hapa Dar. Fundi akaja na mashine yake ya kupimia, akakosa pa kuichomeka chini ya dashibodi, akatamka kontroboksi (kompyuta ya injini) imekufa. Imekufa wapi? Gari ya 1990 haina tundu la OBD2, lile la kuchomeka mashine hizo!

Kesho yake maneno yakageuka, eti nozo zimeziba. Wakang'oa zote sita, wakafunga za mtumba, laki 3 na 60. Ugonjwa uleule. Wakahamia pampu ya tenki, laki 1 na 40. Ugonjwa uleule. Siku 19 hakuna aliyeshika mita ya kupimia umeme. Hakuna hata aliyegusisha bisibisi kwenye nozo akaweka sikio kusikiliza kama inagonga.

Nikaiondoa. Jumamosi nikafungua kile kiboksi cha DIAGNOSIS kilichomo ndani ya boneti, jina limeandikwa juu ya mfuniko. Kipande cha waya kati ya matundu ya TE1 na E1, switchi on bila kuwasha injini. Taa ya injini ikapepesa mara nne, ikatulia, ikapepesa mara moja. 41. Kwa Toyota za enzi hizo 41 ni sensa ya throto au waya zake.

Nikachukua mita. VC, waya unaoleta umeme kwenye sensa, inasoma volti 5, maana yake umeme wa kontroboksi unafika. VTA, waya unaorudisha kipimo cha sensa, throto ikiwa imefungwa, volti 0.5. Nikaifungua polepole kwa mkono. Ilitakiwa ipande bila kukatika mpaka karibu volti 4. Yangu ikifika robo inaanguka sifuri, ikipita hapo inarudi. Na robo ndipo mguu unaposhinda siku nzima ukiendesha mjini, kwa hiyo ndani pamelika.

Kilichonichoma zaidi ni skrubu mbili za hiyo sensa. Zimekwaruzwa! Mtu alishazilegeza, akaizungusha kwa kukadiria, akakaza, kisha akaenda kung'oa nozo. Alikuwa ameishika mkononi.

Sasa nadai nozo zangu za zamani, zilizokuja na gari kutoka Japani, naambiwa zilitupwa. Nani anatupa nozo sita za mteja bila kumuuliza? Jumatatu saa mbili asubuhi nipo pale na risiti zangu, na siondoki bila nozo au hela.

Mwenye sensa ya throto ya 1G-FE aliyokwisha kuipima kwa mita, kuanzia kufungwa mpaka kufunguka yote, aniwekee bei hapa.